Koo la Tarumbeta

"Mimi mtu nikimtazama mara moja tu," Bibi Pindo alikuwa akiwaambia wateja wake, mkasi mkononi na pini tatu mdomoni, "najua kiuno chake, najua urefu wa mkono wake, na najua uongo wake."

Wateja wakishaanza kutikisa vichwa kwa heshima, alitoa pini moja mdomoni akaongeza mwenyewe: "Kiuno hunipita inchi mbili. Mkono hunipita inchi moja. Na uongo, jamani, uongo hunipita mbio ukaniachia vumbi."

Wakacheka, wakidhani ni mzaha. Naye alidhani ni mzaha, mpaka siku ile ya kliniki.

Chumba chao cha kazi kilikuwa kimoja chenye milango miwili, mmoja wa barabarani na mmoja wa uani. Upande wa dirisha alikaa yeye, akishona sare za shule kwenye cherehani nyeusi ya kukanyaga, ambayo maua yake ya dhahabu yalikwisha kufutwa na viganja vyake. Upande wa ukutani alikaa mumewe, fundi wa kutengeneza cherehani. Mtaa mzima ulimwita Bisibisi, kwa sababu hata msibani alikwenda na bisibisi mfukoni mwa shati, labda marehemu akilegea mahali. Katikati yao, juu ya kigoda, alikaa mjukuu wao wa kike wa miaka mitano na nusu, mtoto wa binti yao. Huyo ndiye Tarumbeta. Jina alijipatia mwenyewe siku aliyozaliwa, kwa kilio ambacho mkunga alisema hajakisikia hata kwa mapacha.

Mama yake Tarumbeta alikuwa mpakiaji kwenye kiwanda cha sabuni. Alimleta mtoto asubuhi, akamchukua jioni akinuka mandimu ya bandia. Kati ya asubuhi na jioni, Tarumbeta alikuwa na kazi. Alikuwa masikio ya babu yake.

Masikio ya Bisibisi yalizibika mwaka mmoja na kitu uliopita. Yalianza na mafua, mafua yakaenda, na usikivu ukaenda nayo. Mteja akiingia na kusema, "Fundi, uzi wangu unakatika," Bisibisi alimtazama akitabasamu kama mtu anayepigwa picha. "Eh?" alisema. Hapo Tarumbeta alipanda juu ya kigoda, akafanya viganja kuwa pembe, akavuta pumzi mpaka kitovu kikaonekana.

"BABUUU! ANASEMA UZI UNAKATIKAAA!"

"Aaa! Uzi," alisema Bisibisi, kwa furaha ya mtu aliyeletewa habari kutoka ng'ambo.

Wateja walipenda sana. Wengine walileta cherehani nzima isiyo na ugonjwa, waone tu tarumbeta likipigwa. Na walishangaa zaidi fundi alipoanza kazi, maana kiziwi ataijuaje mashine inayogugumiza? Bisibisi aliweka ncha ya bisibisi kwenye mwili wa cherehani na mpini wake kwenye taya, akafumba macho. "Sikio husahau," alisema, "mfupa hausahau." Akakaza kitu, akaongeza tone la mafuta, mashine ikatulia. Bibi Pindo alijivunia mfupa huo kama vile yeye ndiye aliyeuzaa.

Kukaa na kiziwi nako kuna utamu wake. Taratibu Bibi Pindo akazoea kuongea na mgongo wa mumewe kama watu wengine wanavyoongea na chungu kilicho jikoni. Alimwambia kila kitu. Akiudhika alimwita gunia la misumari. Siku moja, mtoto amelala juu ya vipande vya vitambaa, alimwambia kuhusu ile kofia. Bisibisi alikuwa na kofia yake kuukuu iliyonuka mafuta ya mashine. Ilipotoweka, Bibi Pindo aliapa kwa vidole viwili kwamba panya wameila.

"Kofia yako niliikata mimi," aliuambia ule mgongo. "Nimeifanya kishikio cha pasi. Panya wa watu nimewasingizia, na Mungu anajua."

Mgongo uliendelea kukaza skrubu. Bibi Pindo akajisikia mwepesi.

Siku nyingine alimwambia jambo zito zaidi, ambalo hakuwahi kumwambia hata dada yake. "Mwaka ule tuliogombana, binti yetu akiwa na miaka minne, nilifunga mzigo wangu, mzee. Nilifika kituoni. Gari lilikuja, na mlango ulikuwa wazi. Nilirudi kwa sababu nilisahau mkasi. Hivyo nilivyojiambia, kwamba ni mkasi."

Jioni ile Bisibisi alichukua mkasi wake, akaunoa kwenye jiwe mpaka ukakata unywele, akaurudisha mezani. Bibi Pindo alifikiri ni bahati tu.

Miezi ikaenda. Sauti ya Tarumbeta ikaanza kukwaruza.

Mwanzoni ilikuwa jioni tu: asubuhi mtoto alikuja na sauti yake nzima, akaondoka na nusu. Baadaye hata asubuhi ilikuja nusu. Akiimba, wimbo ulipanda vizuri kisha, kule juu, sauti ikakatika na ukatoka upepo mtupu. Akicheka, ilikuwa kama mtu anavuta kabati kwenye sakafu yenye mchanga. Wateja walimtania. "Mama, huyu mjukuu wako anavuta kiko?" Naye Tarumbeta alicheka kile kicheko cha kabati, akashika shingo yake kidogo, akaiachia.

Bibi Pindo alikuwa mtu wa dawa. Alichemsha tangawizi. Alimpa maji ya chumvi asukutue. Alimshonea skafu kwa masalio ya sare, upande mmoja bluu ya shule hii, upande mwingine kijani ya shule ile, mtoto akatembea na shule mbili shingoni. Mwisho akamwamuru: "Kuanzia leo, mjukuu wangu, nong'ona. Nong'ona tu kama mwizi."

Tarumbeta akanong'ona. Mteja akaja. Tarumbeta akamnong'oneza babu yake sikioni.

"Eh?" alisema Bisibisi.

Akanong'ona tena.

"Eh?"

"BABUUU! SINDANO IMEPINDAAA!"

"Aaa! Sindano."

Binti yao aliuliza mapema kabisa, wiki ya pili tu. "Mama, mtoto anapiga kelele huku?"

"Kelele? Huku?" Bibi Pindo aliweka mkono kifuani. "Huku ni kama maktaba. Hiyo ni baridi ya alfajiri unayomtoa nayo. Na vumbi la mtaani kwenu."

Kwa nini alisema hivyo? Kwa sababu mzee wake alikuwa kiziwi, na kiziwi hana kosa, na mtu asipokuwa na kosa lazima kosa lihamie kwa jirani. Alimfunika mumewe kama mtu anavyofunika kiraka kwa pindo. Binti akaamini. Akamfunga mtoto mdomo kwa kitambaa alfajiri, akahama njia yenye vumbi, akazunguka mbali kwa miguu, na bado sauti ikazidi kwenda.

Mwezi wa tatu wa mkwaruzo binti alikuja na macho mekundu. "Mama, mimi mtoto wangu sijamwachia jirani. Nimekuachia wewe kwa sababu wewe ni mama yangu. Mpeleke kwa daktari wa koo. Jumamosi, nikiwa na muda wa kukaa, nataka kujua ni nini. Kama ni kitu cha humu ndani, Jumatatu namhamisha. Kuna mwenzangu kazini, dada yake analea watoto."

Kwa Bibi Pindo kusikia kwamba mjukuu wake atakalia kigoda cha mtu mwingine ilikuwa sawa na kuambiwa akate kitambaa bila kupima. Kesho yake alivaa gauni lake la kutokea, wakaenda kliniki ya masikio, pua na koo.

Daktari alikuwa mwanamke mdogo, mdogo kwa umri kuliko hilo gauni. Aliuliza maswali kwa upole lakini hakuacha hata moja. Sauti imekwaruza tangu lini? Mtoto akivuta pumzi, kuna mlio? Akilala je? Anapaliwa na maji? Anapungua mwili? Bibi Pindo alijibu hapana, hapana, hapana, kila hapana ikimtoa jasho, kwa kuwa hakujua kwamba hayo yalikuwa ya kuulizwa.

"Vizuri," alisema daktari. "Ingekuwa anavuta pumzi kwa shida, usingepaswa kungoja hata saa moja. Lakini hata hivyo miezi mitatu ni mingi, bibi. Sauti ya mtoto ikikwaruza mpaka wiki ya tatu inaingia, na mafua yamekwisha, mlete."

Akachukua mrija mwembamba kama kamba ya kiatu, wenye taa na kamera nchani, akaupitisha polepole puani mwa Tarumbeta. Mtoto alibana vidole vya bibi yake lakini hakulia. Kwenye skrini ikatokea nyama ya waridi, halafu mapazia mawili meupe yanayofunguka na kufunga. Katikati ya kila pazia palikuwa na kiuvimbe kama punje ya mtama, kimoja kinamtazama mwenzake.

Bibi Pindo alisogelea skrini. "Ndiyo yale mabaya?"

"Siyo." Daktari alichukua mkono wa Bibi Pindo, akaubonyeza kwenye dole gumba. "Hii sugu umeipata wapi?"

"Kwenye mkasi."

"Na yeye kaipata hivyohivyo. Haya mapazia ndiyo yanayotoa sauti. Mtoto akipiga kelele yanagongana. Akipiga kila siku, yanaota sugu. Kwa mtoto hatukimbilii kisu. Ukiacha kuyagongesha, mara nyingi yanalainika yenyewe, ila huchukua miezi. Asipoacha, atakua na sauti hii hii, na atazidi kuikamua ili itoke."

Akampa masharti, na Bibi Pindo akayashika kama vipimo vya bibi harusi. Mtoto aongee kwa sauti yake ya kawaida, ndogo. Anayetaka kuongea na mwenzake amwendee karibu, asiite toka mbali. Maji anywe kidogo kidogo mchana kutwa. Asikohoe kwa kusafisha koo. Asikae kwenye moshi. Baada ya wiki mbili arudi, kuna mtaalamu atakayemfundisha kutumia sauti bila kuiumiza.

"Na kunong'ona?" aliuliza Bibi Pindo. "Maana mimi nilimwamuru anong'one."

"Kunong'ona nako ni kulikamua koo, bibi. Bora sauti ndogo."

Bibi Pindo alitazama skafu ya shule mbili akaona aibu.

"Sasa niambie," daktari akasema, "huyu mtoto anampigia nani kelele?"

Tarumbeta alikuwa ameshatoka kwenda bombani na kikombe chake. Bibi Pindo akaeleza: babu yake, fundi wa cherehani, masikio yamekufa, mtoto ndiye mkalimani. "Naye alikuja hapahapa kwenu, kabla sijaanza kushona sare za muhula uliopita. Akarudi akanionyesha kwa mikono kwamba mmeshindwa."

Muuguzi mmoja wa makamo, aliyekuwa akiosha ule mrija kwenye beseni, akageuka. "Fundi wa cherehani? Mwenye bisibisi hapa?" Akagusa mfuko wa kifuani.

"Huyo."

"Aaa, mama, hatukushindwa hata kidogo! Ilikuwa nta tu, imeziba kama kizibo cha chupa. Tulimwosha sikio la kwanza, tukamwosha la pili, mzee akasikia saa ile ya ukutani akatoa machozi. Halafu akauliza, 'Ni nani anaua mashine chumba cha pili?' Tuna cherehani yetu ya kushonea mashuka. Akaenda akaitengeneza hata hatujamwomba. Siku zote tunasema..."

Daktari alikohoa, kikohozi cha kumfunga mtu mdomo. Muuguzi akarudi kwenye beseni lake.

"Lini?" aliuliza Bibi Pindo.

Kalenda ilikuwa ukutani, na sare za muhula uliopita alikuwa anazikumbuka kila moja na mwili wake. Miezi saba.

Njiani alimshika mtoto mkono na kutembea bila kuona barabara. Miezi saba. Gunia la misumari: alisikia. Kofia: alisikia. Kituo, gari, mlango ulio wazi: alisikia, akakaza skrubu. Kumbe ule mkasi haukunolewa kwa bahati. Jambo alilolificha zaidi ya miaka ishirini lilipokewa na mtu, likakunjwa, likawekwa mfukoni, naye hakuambiwa hata "nimelipata". Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako; na yeye, mshona nguo wa kutajwa, hakukagua hata mshono mmoja.

Lakini hayo yalikuwa yake, na yeye ni mtu mzima, angeyameza. Lililomkaba lilikuwa lingine. Miezi saba mtoto amepanda kigoda kile, kitovu nje, akichana koo lake kwenye sikio zima.

"Bibi," alisema Tarumbeta kwa ile sauti ya kabati, "mbona unanifinya?"

Akalegeza vidole. "Samahani, mjukuu wangu. Nilidhani nimeshika kitu kingine."

Hakumvaa mumewe kwa maneno. Alimpa nafasi. Alichukua chaki yake ya kukatia, na juu ya meza ya kukatia akaandika kwa herufi kubwa za darasa la nne: MTOTO ASIPIGE KELELE TENA. KOO LIMEOTA SUGU. AKIENDELEA SAUTI HAITARUDI. Akagonga meza, Bisibisi akageuka.

Alisoma. Midomo yake ilitembea juu ya kila herufi. Aliposoma mwisho uso wake ulikunjamana, akaweka mkono wake wenye grisi juu ya kichwa cha mtoto, akauacha hapo. Bibi Pindo akasubiri. Sema, mzee. Sema sasa, nitakupiga na futi ya mbao mara mbili, kisha tutakunywa chai.

"Pole, mama," alimwambia mtoto. Akarudi kwenye skrubu zake.

Siku ya pili Tarumbeta alifuata masharti yote. Alikunywa maji kidogo kidogo, akaenda chooni mara tisa. Alipotaka kusema na babu yake hakuita. Alishuka kwenye kigoda, akamwendea, akashika goti lake, akasema kwa sauti ndogo ya kawaida, kama alivyofundishwa:

"Babu, koo langu linauma nikicheka."

"Eh?" alisema Bisibisi.

"Koo langu linauma."

"Eh?"

Mtoto alimtazama bibi yake. Akamtazama babu yake. Kisha, kwa kuwa alimpenda na hakutaka abaki nje ya maneno, alifanya viganja kuwa pembe na kuvuta pumzi. Bibi Pindo aliruka kutoka kwenye cherehani akamziba mdomo kwa mkono mweupe wa chaki.

Hapo kitu kilikatika ndani yake, bila mlio, kama uzi wa bobini unavyokatika chini ya kitambaa, ukaendelea kukanyaga ukidhani unashona. Sikio la kufa halisikii dawa, lakini hili halikuwa la kufa. Lilikuwa la kujifanya.

Jumamosi, kabla binti hajarudi kumchukua mtoto, Bibi Pindo alichukua bisibisi ndogo kutoka kwenye droo ya mumewe mwenyewe. Akafungua kibamba cha chini cha cherehani yake, akalegeza skrubu ya kikombe cha bobini, kile kinachobeba uzi wa chini, robo duru. Si zaidi. Alikuwa ameishi na fundi miaka thelathini na saba, alijua robo duru hufanya nini.

Binti aliingia, akaketi kwenye furushi la vitambaa bila kuvua viatu. Tarumbeta alikuwa kwenye kigoda na kikombe chake. Bisibisi alikuwa amewapa mgongo, ameelekea ukuta, miguu juu ya kreti, na chini ya kreti mkeka wa mpira.

"Haya, Mama. Daktari amesema nini?"

"Ngoja nimalizie pindo hili," alisema Bibi Pindo, akakanyaga.

Tak. Ulikuwa mlio mdogo mno. Mtu wa kawaida asingeupata ndani ya mvumo wa mashine. Tak, baada ya kila mshono, chuma kikigusa chuma.

"Amesema ni sugu," alisema, akikanyaga. Tak. "Kwenye koo." Tak. "Hazihitaji kisu."

Bisibisi aliacha kukaza. Akaanza tena. Skrubu ikamponyoka, ikaanguka sakafuni, naye hakuinama kuiokota.

"Sugu za nini?" aliuliza binti.

"Za kelele." Tak, tak. Bibi Pindo aliongeza mwendo. Sindano sasa ilikuwa ikiusalimia ukingo wa kikombe, na alijua vizuri kwamba mara moja ya hizo itavunjika, na kikombe kile hakiuzwi tena madukani. Shingo ya Bisibisi ilikuwa imelowa. Sikio lake la kushoto lilisogea lenyewe, kama la punda. Tak, tak, tak.

"Kelele za wapi, Mama? Si ulisema huku ni kama..."

"Simamisha!" Bisibisi alikuwa ameshasimama, mikono juu. "Simamisha, bibie! Kikombe kimelegea, unaua mashine!"

Bibi Pindo aliinua miguu. Gurudumu lilizunguka mara mbili likasimama. Chumba kikawa kama maktaba kwa mara ya kwanza.

"Baba?" alisema binti.

Bisibisi alishusha mikono. Alitazama mke, akatazama binti, akatabasamu lile tabasamu la kupigwa picha. "Nimehisi," alisema. "Kwa nyayo. Mtetemo unapita sakafuni."

Wote watatu wakatazama nyayo zake, kisha ndala zake nene za tairi, kisha kreti, kisha mkeka wa mpira.

"Nyayo zako zina masikio kuliko kichwa," alisema Bibi Pindo. Hakupaza sauti, alishangaa mwenyewe jinsi ilivyokuwa ndogo. "Mashine imekwaruza kitambo kidogo tu, mzee, ukashindwa kukaa. Mtoto amekwaruza miezi mitatu. Umeniambia 'eh'. Umemwambia yeye 'eh'. Kliniki waliokuosha masikio miezi saba iliyopita wanakusalimu. Saa yao ya ukutani nayo inakusalimu."

Mtu aliyebanwa hutafuta jiwe la kurusha, na Bisibisi alirusha la kwanza aliloliona. "Na kofia yangu je? Eti panya! Si wewe uliyeikata ukaifanya kishikio cha..."

Akajiziba mdomo kwa kiganja. Alikuwa amechelewa.

Bibi Pindo hakukana. Alichukua kishikio cha pasi, cheusi, kinachonuka mafuta ya mashine hata baada ya kuungua mara mia, akakiweka juu ya meza kati yao. "Ni mimi," alisema. "Na kituoni je? Hilo nalo ulilisikia?"

Mzee alitazama mkasi. "Nililisikia."

"Ukakaa nalo."

"Ningekwambia nini, bibie?" Aliketi juu ya kreti kama mzigo ulioshushwa vibaya. "Ulikuwa hujaongea nami hivyo tangu tuoane. Nikasema nikifungua mdomo, utafunga wako. Na huyu..." Hakumtazama mtoto, alikionyesha kigoda kwa kidevu. "Kama masikio yangu yangepona, angekaa hapa afanye nini? Angekwenda uani kucheza na wenzake. Nilisema wiki moja tu. Kisha wiki nyingine."

"Miezi saba, Baba," alisema binti, aliyekuwa akiihesabu kwa vidole. Kisha akageuka kwa mama yake, na hapo Bibi Pindo alitamani angebaki kwa baba yake. "Na wewe. Baridi ya alfajiri. Vumbi la mtaani kwetu. Nimezunguka njia ya mbali miezi mitatu, Mama, kwa miguu."

Bibi Pindo alianza kuokota pini mezani, moja moja.

Binti hakufoka. Alichukua kikombe cha mtoto, akachukua zile ndala ndogo, skafu akaiacha. "Haya, mama, twende," alimwambia Tarumbeta, akamshika mkono.

Tarumbeta alitembea mpaka mlango wa uani. Alikuwa amesikiliza yote kwa utulivu wa mtu anayefuata masharti, akinywa maji kidogo kidogo. Pale kizingitini alisimama, uso nje kwenye mwanga, mgongo kwao, akijaribu kuingiza kidole gumba kwenye ndala. Akauliza, hakugeuka, kwa sauti ndogo kabisa yenye mchanga, ile ambayo bibi yake mwenyewe aliinama ili aipate:

"Babu, juzi nilipokwambia koo linauma, ulinisikia?"

"Sikukusikia, mama," Bisibisi akamjibu palepale, kutoka kule ukutani.